Kuchonga vikaragosi: anza na kisu kimoja na mti laini

Sanaa ya kuchonga watu wa kuchekesha haidai karakana wala cheti. Inadai kisu kikali, mti usiokushinda nguvu, na mtu anayejua anataka kutia chumvi wapi.

Katika mji wa Oskarshamn, pwani ya mashariki ya Sweden, kuna makumbusho yaliyojaa watu wa mti. Wamo waliokwenda harusini, waliokwenda mazikoni, wakulima na farasi wao, na vijana waliovuliwa nguo wakipimwa kama wanafaa kuingia jeshini. Hao vijana ndio wa kutazama kwa makini. Hakuna aliyechongwa vidole vyote wala unywele mmoja mmoja. Mapigo ya kisu ni mapana na ya wazi, mengine kama yamekatwa kwa haraka, lakini namna walivyosimama inatosha kukwambia kwamba wanaona aibu na wangependa shughuli hiyo iishe.

Aliyewachonga ni Axel Petersson, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1925. Waswidi wanamfahamu zaidi kwa jina la Döderhultarn, kutokana na Döderhult, sehemu aliyotoka. Alitumia mti laini wa alda, akaacha alama za kisu zionekane, kisha akapaka rangi nyepesi. Mwaka 1909 kazi zake zilioneshwa Stockholm pamoja na za wachoraji wa vichekesho, na tangu hapo mchongaji huyo wa kijijini akawa anazungumzwa nchi nzima.

Leo wapo watu wengi Ulaya na Marekani ambao jioni zao na siku za mapumziko huishia kwenye kazi ya aina hiyo. Wengi si wasanii wa kuishi kwa sanaa. Ni wastaafu, walimu, madereva na mafundi wanaochonga kwa ajili ya kujifurahisha na kuwagawia jamaa. Hapa kwetu uchongaji tumeuzoea kama kazi ya kuuza, tena kuuza kwa mgeni, na ndiyo maana mtu mwenye mshahara wake hafikirii kwamba naye anaweza kukaa barazani Jumamosi akachonga. Anaweza. Na kikaragosi ndicho mlango mwepesi kuliko yote ya kuingilia, kwa sharti moja ambalo wanaoanza wengi hulipuuza: kabla ya kukata, amua kichekesho kiko wapi.

Safari ya kuvuka bahari

Wahamiaji kutoka nchi za Skandinavia walikwenda Marekani na visu vyao. Mmoja wao, Emil Janel, aliyeishi kati ya mwaka 1897 na 1981, alichonga San Francisco watu wa misituni na vijijini aliokumbuka kutoka Sweden. Naye alipenda alda, na aliuchonga ukiwa bado mbichi, kwa kuwa mti wenye unyevu hukubali kisu bila ubishi.

Kusini-magharibi mwa Marekani mambo yalichukua sura nyingine. H. S. Anderson, ambaye wote walimwita Andy, aliwachonga wachunga ng'ombe: kofia kubwa, miguu ya matege, buti zilizochakaa, tumbo juu ya mkanda. Mwaka 1953 alitoa kitabu cha kufundisha kuchonga watu wa namna hiyo, na watu ambao hawakuwahi kukutana naye wakajifunza kwake. Baadaye Harold Enlow wa Arkansas alifundisha kwa miaka mingi, akitembea jimbo hadi jimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachongaji wa aina hii walianzisha chama chao, Caricature Carvers of America, na moja ya kazi walizofanya kwa pamoja ni baa nzima ya mti ya enzi za wachunga ng'ombe, kila mwanachama akileta walevi na wacheza karata wake.

Huko Iowa, Harley Refsal wa Chuo cha Luther aliufufua mtindo wa akina Döderhultarn, ule wa mapigo mapana yanayoacha nyuso bapa kwenye mti. Mtindo huo ndio unaomfaa zaidi anayeanza. Haudai msasa, na vifaa vyake ni vichache mno.

Wamakonde walianza zamani

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba anajifunza jambo la kigeni moja kwa moja. Wamakonde, kwao wakiwa nyanda za juu za Mueda nchini Msumbiji na upande wa pili wa Mto Ruvuma, wana ngoma ya mapiko, ambayo mchezaji wake huvaa kichwa cha mti kinachofunika kichwa chake chote. Katika vichwa hivyo wachongaji hawakuishia kwenye mizimu na wazee. Waliwachonga pia watu wa nje waliowaona wakija: Mzungu, Mhindi, askari. Watazamaji walimtambua mara moja anayesemwa, wakacheka, na mwenyewe huenda hakujua kwamba ndiye yeye.

Vichwa hivyo vilichongwa kwa miti myepesi, kwa sababu lazima mtu avivae na kucheza. Mpingo tunaouona leo kwenye maduka ya vinyago ulitamalaki soko lilipokua katikati ya karne iliyopita, mnunuzi akitaka kitu cheusi, kizito na kinachong'aa. Kwa maneno mengine, Mmakonde alipotaka kuchekesha alichukua mti laini, na alipotaka kuuza akachukua mgumu.

Mwingine wa kumtazama ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Alifika Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam akaanza kwa kazi ya ulinzi, kisha vipaji vyake vikaonekana. Mashetani wake hawatishi. Wana masikio makubwa, midomo mipana na matumbo yaliyotokeza, wamepakwa rangi kali za kila namna, na wanafanya yale yale tunayofanya sisi: wanabebana, wanazozana, wanasengenya. Ukitaka kujua kutia chumvi maana yake nini kwenye mti, kaa mbele ya kazi ya Lilanga.

Usianze na mpingo

Kosa la kwanza la anayeanza hapa kwetu ni kuona kwamba uchongaji ni mpingo. Mpingo una uzito wa karibu mara tatu ya basiwudi, mti ambao Wamarekani wengi huutumia kwa vikaragosi, na ukiutupa majini unazama. Wachongaji wa Mwenge jijini Dar es Salaam wanaumudu kwa tezo, patasi, tupa na miaka ya mazoezi. Kisu cha mkononi kitateleza juu yake, na kisu kinachoteleza huishia kwenye kidole.

Unachotaka ni mti laini, wenye nyuzi zilizokaribiana na zilizonyooka, usio na vifundo. Mjakaranda ni chaguo zuri, na miji kama Nairobi na Arusha inayo mingi barabarani. Kila matawi yanapopunguzwa, kuna vipande vinavyokwenda kuwa kuni. Wachongaji wa Kenya wamekuwa wakiutumia kwa muda mrefu, pamoja na mwembe na mwarobaini, hasa baada ya mpingo na muhugu kuanza kuadimika. Mwembe na mwarobaini ni migumu kidogo kuliko mjakaranda, lakini inachongeka, hasa ikiwa mibichi. Mbao za paini zinapatikana kila mahali, ila zina mistari laini na migumu inayopishana: kisu kinazama kwenye laini, kinakwama kwenye mgumu, na pua inang'oka. Zitumie kwa mazoezi ya mikato, si kwa uso.

Ukichonga mti mbichi, ufunge kwenye mfuko wa plastiki kila unapoacha kazi ili usikauke upande mmoja na kupasuka. Epuka pia kipande chenye kiini cha katikati ya shina, maana ufa huanzia hapo. Omba upasuliwe kipande cha pembeni.

Na kabla ya mti wowote, nunua sabuni ya mche ile ya kufulia. Ikate kipande, chora uso, chonga. Sabuni haina nyuzi, haikulazimishi kufikiria mwelekeo, na ukiharibu unaenda kufulia. Kwa jioni moja ya sabuni utajifunza jambo ambalo mti huchelewa kulifundisha: uso si mchoro uliobandikwa mbele, una pande tatu.

Kisu, jiwe na mkanda

Kwa kikaragosi cha kwanza kisu kimoja kinatosha. Ubao wa makali uwe mfupi, kama sentimita nne, mwembamba, wenye ncha, na mpini unaojaza kiganja. Visu vya kuchongea vya Mora, mji wa Sweden, vinasifika duniani, lakini si lazima. Fundi wa vyuma wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi anaweza kukutengenezea kimoja kutokana na chuma cha msumeno wa zamani, ukimwonesha mchoro. Mwambie akichovye kwenye maji kila mara anapokisaga. Chuma kikipata moto hadi kubadilika rangi kuwa buluu, ugumu wake umekwisha na makali hayatakaa.

Baadaye ukitaka kuongeza, ongeza viwili: patasi ndogo ya mviringo kwa ajili ya matundu ya macho na mikunjo ya nguo, na patasi yenye makali ya umbo la V kwa nywele na ndevu. Zaidi ya hapo ni tamaa ya duka.

Kazi kubwa iko kwenye kunoa. Wengi wanaosema uchongaji ni mgumu wanatumia kisu butu. Anza na kinoo chenye maji, ubao wa kisu ukiwa umelala karibu kabisa na jiwe. Kisha tumia msasa wa maji, ule wa wapaka rangi za magari, namba 1000 na baadaye 2000, ukiwa umeutandaza juu ya kioo. Malizia kwenye ngozi: chukua mkanda wa zamani wa suruali, ugundishe kwenye ubao ngozi ikitazama juu, paka dawa ya kung'arishia vyuma, na uvute kisu kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Ukikisukuma mbele utaikata ngozi na kuua makali.

Usijaribu makali kwa kidole gumba. Kata kipande cha paini kwa kupita kukingama nyuzi. Kikiacha sehemu inayong'aa kama imepakwa mafuta, kiko tayari. Kikiacha mistari myeupe au kuchana, rudi kwenye ngozi. Na wakati wa kuchonga, usingoje kisu kife. Kipitishe kwenye ngozi kila baada ya dakika kama 20.

Usalama haujadiliwi. Mkono unaoshika mti uvae glavu ya kuzuia kukatwa, na ujue kwamba glavu hiyo huzuia makali, haizuii ncha. Gumba la mkono wa kisu lifunge plasta nene au ngozi. Usichonge juu ya paja, kwani ndani yake unapita mshipa mkubwa wa damu. Weka ubao magotini au fanyia kazi mezani. Kisu kikianguka, kiache kianguke.

Mikato minne

Uchongaji wote wa kisu umejengwa juu ya mikato minne. Wa kwanza ni wa kuzuia: unabonyeza makali wima kwenye mstari uliochora, ili mkato unaofuata ukomee hapo. Wa pili ni wa kuvuta, kisu kikija kwenye gumba lako, sawasawa na mtu anayemenya kiazi. Wa tatu ni wa kusukuma, ambapo gumba la mkono ulioshika mti ndilo linalosukuma mgongo wa kisu, mkono wa kisu ukiongoza tu. Wa nne ni wa V: mikato miwili ya mshazari inayokutana chini na kutoa kipande chembamba. Huo ndio unaochora mdomo, kola, mifuko na mikunjo.

Mkato wa kuzuia hukutana na wenzake karibu kila mahali. Chini ya pua, chini ya kofia, pale koti linapoishia juu ya suruali: zuia kwanza, kisha kata kuelekea hapo. Kibanzi kitatoka chenyewe. Kisipotoka, usikinyofoe kwa vidole. Rudia mkato wa kuzuia uwe wa kina kidogo.

Nyuzi nazo zina sheria yake. Kata kutoka sehemu nene kwenda nyembamba. Ukiona mti unanyanyuka mbele ya kisu na kuchanika, umekwenda kinyume chake, basi geuza kipande uanzie upande wa pili.

Mlinzi wa usiku

Sasa tumpate mtu wa kuchonga. Wengi huanza na wanachokitamani, kama kondakta aliyening'inia mlangoni, mkono mmoja hewani na noti katikati ya vidole. Mti haukubali. Nyuzi zinakwenda juu hadi chini, na mkono ulionyooshwa pembeni unakuwa na nyuzi fupi zinazokatika kama biskuti. Andy Anderson aliwapa watu wake kofia na kuwatia mikono mifukoni, na ujanja huo bado unafaa.

Mlinzi wa usiku ana kila kitu. Koti kubwa linaficha umbo la mwili. Kofia ya sufu inaficha nywele na masikio. Mikono imeingia mifukoni, rungu limebanwa kwapani na kuchongwa likiwa limeshikana na mwili, kwa hiyo halivunjiki. Halafu kila msomaji anamjua.

Chukua kipande cha sentimita nne kwa nne, chenye urefu wa 12, na chini yake acha sentimita mbili au tatu za ziada kwa ajili ya kushikia. Mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi. Mlinzi wetu mpe vichwa vinne, yaani kila kichwa sentimita tatu. Tayari anaanza kuchekesha, na hujakata kitu.

Hapa ndipo pa kuamua. Mlinzi huyu ana nini? Anahisi baridi, au ana usingizi, au anajiona mkuu wa polisi? Chagua kimoja. Mwenye baridi mabega yanapanda hadi masikioni na magoti yanabanana. Mwenye usingizi kichwa kinaangukia upande, uzito wote uko kwenye mguu mmoja. Anayejiona mkuu kifua kiko mbele, kidevu juu, na koti halimtoshi. Ukichanganya vyote vitatu unapata mtu aliyesimama tu. Vikaragosi vingi vya wanaoanza hupwaya hapa. Mchongaji alikuwa na kisu kikali na mti mzuri, ila hakujua anachotaka kusema, akangoja mti umwambie.

Tuseme umechagua usingizi. Mchore mbele na ubavuni kwa penseli, umpelekee fundi seremala mwenye msumeno wa mkanda akukatie mistari ya nje. Huna fundi karibu? Ondoa kona kwa msumeno wa mkono na kisu. Chora mstari wa katikati mbele na nyuma, na kila kisu kinapoufuta, uchore tena. Bila huo mstari pua itahamia shavuni.

Fanya mambo makubwa kwanza. Ondoa kona nne za mwili. Tenga kichwa na mabega. Onesha mahali koti linapoishia na miguu inapoanza. Tenganisha miguu kwa mkato wa V, mmoja ukiwa umenyooka, mwingine umelegea. Geuza kichwa kidogo kisitazame zinakotazama ncha za viatu. Mgeuko huo mdogo ndio unaomtoa mtu kwenye ugogo. Usiguse vifungo wala mfuko hata mmoja mpaka ukishika kipande kwa mbali mtu mwingine aseme, bila kuambiwa, kwamba huyu analala.

Uso

Uso uchonge kwenye kona ya kipande, si kwenye upande bapa. Kona yenyewe inakuwa pua, na mashavu yanarudi nyuma pande zote mbili bila wewe kuhangaika. Ndiyo maana mlinzi aliyegeuza kichwa ni rahisi kuliko aliyetazama mbele.

Kwa mtu wa kawaida, umbali kutoka mstari wa nywele hadi kwenye nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka hapo hadi ncha ya kidevu ni sawa au karibu sawa. Wachoraji wote wanajua hesabu hiyo, na mchongaji wa vikaragosi anaijua ili aivunje. Ivunje mahali pamoja. Kwa mlinzi wetu refusha sehemu ya kati, pua iwe ndefu na nzito inayovuta kichwa chini, na kidevu kizame ndani ya kola. Paji la uso liko chini ya kofia, halina kazi.

Zuia chini ya pua, kata kutoka juu ya mdomo kuelekea hapo. Zuia chini ya kofia, kata kutoka kwenye pua kwenda juu, ili pua ipate mteremko wake. Chonga matundu ya macho pande mbili za daraja la pua, yawe na kina zaidi ya unavyodhani, kwa kuwa uso usio na kivuli hauonekani. Kisha mikato miwili kutoka kwenye mbawa za pua kushuka pembeni mwa mdomo. Hapo mashavu yanatokea yenyewe.

Macho huwatia watu hofu bure. Mwenye usingizi hana haja ya mboni. Acha kivimbe kidogo ndani ya kila tundu, kisha pitisha mkato mmoja wa V chini ya kivimbe. Hilo ni jicho lililofumba. Jicho la pili lipe mikato miwili, wa juu na wa chini, lichungulie kwa ufa mdogo. Sasa una mlinzi anayeweza kuapa mbele ya tajiri wake kwamba hakulala hata dakika moja.

Ukimaliza, weka msasa mbali. Alama safi za kisu zinashika mwanga na kuonesha mkono wa mchongaji, ilhali msasa unalainisha kila kitu, kichekesho kikiwamo. Isitoshe, chembe za msasa hubaki kwenye mti na kuua makali ukirudi kurekebisha.

Rangi ya kutosha

Rangi iwe kama ya kukosa. Rangi ya akriliki ichanganye na maji mengi hadi nyuzi za mti zionekane chini yake. Koti la bluu iliyopauka, kofia nyekundu ya udongo, uso ukiachwa na rangi ya mti au ukipakwa kahawia nyepesi. Penye mikunjo ongeza tone la giza. Rangi nzito hugeuza mlinzi kuwa sanamu ya plastiki na kufunika kazi yote ya kisu.

Ikikauka, paka mafuta ya mbegu za kitani au nta ya nyuki. Kwa mafuta ya kitani kuna tahadhari ambayo haipaswi kusahaulika: kitambaa kilicholoa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kitie ndani ya maji kabla ya kukitupa. Na ukichonga mti mkavu wenye vumbi, hasa mninga au mpingo, funika pua na mdomo. Vumbi lake huwasha na huwaletea baadhi ya watu mzio.

Nani wa kuchekwa

Jamii zetu zina utani, na utani una adabu zake. Mtani anaweza kukucheka msibani kwako na ukampa chai, lakini hata yeye anajua mpaka. Kikaragosi kinasimama hapo hapo. Historia ya kuchonga watu wa kuchekesha ina upande mchafu: Ulaya na Marekani zilitengeneza kwa miaka mingi sanamu za kumdhihaki mtu mweusi, midomo na macho vikiwa ndivyo kichekesho chenyewe, na nyingine bado zinauzwa kama vitu vya kale. Pale haikuwa tabia ya mtu iliyochekwa, ilikuwa rangi yake.

Kanuni inayofaa ni nyepesi. Tia chumvi kwenye anachofanya mtu, si kwenye alivyozaliwa. Usingizi wa mlinzi, majigambo ya mgombea, ubahili wa mwenye duka, haraka ya bodaboda: hivyo ni halali, maana mtu anaweza kuviacha. Kilema, kabila na sura ya kuzaliwa viache. Na ukitaka kumchonga mkubwa, usiogope. Wachonga mapiko walimchonga Mzungu akiwa bado anatawala, na magazeti yetu yamechapisha vibonzo vya wakubwa kutoka mikononi mwa wachoraji kama Gado na Masoud Kipanya.

Mlinzi wa kwanza akiisha, mchonge tena yule yule. Usikimbilie mganga, mwalimu na mama ntilie kwa mpigo. Mtu mmoja akirudiwa hukufundisha zaidi, kwa sababu mkono unajua njia na akili inabaki huru kuuliza kama pua ingeweza kuwa ndefu zaidi, kama goti lingeweza kulegea zaidi. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Wanaoanza hutia chumvi kidogo mno, hawatii nyingi mno.

Kipimo cha mwisho hakiko kwako. Mweke mlinzi wako mezani wageni wanapokuja, usiseme kitu. Mmoja akimnyanyua, akacheka na kutaja jina la mlinzi wa mtaani kwao, umefaulu, hata kama viatu havilingani. Lakini ukiona unaanza kueleza kwamba huyu ni mlinzi na hapa amelala, kipande cha mjakaranda bado kipo. Chora mstari wa katikati, na safari hii amua mapema.